Baridi ya Ziwa: Mvuvi Avae Nini?

Na DAKTARI WETU

WATU wengi wa mijini wakisikia habari za baridi ya maji hufikiria Ulaya, ambako wapiga mbizi huvaa suti za mpira kutoka shingoni hadi miguuni. Ni wachache wanaoifikiria Kendu Bay, ambako jua la mchana huchoma utosi. Hata hivyo, usiku wa giza wavuvi wa omena hutoka hapo na taa zao kuingia Ghuba ya Winam, wengine wakiwa na fulana na kaptura tu, na hurejea alfajiri wakitetemeka.

Joto la kawaida la mwili ni nyuzi 37 hivi. Maji ya Ziwa Victoria huwa na nyuzi 25 hivi, nayo maji hunyonya joto la mwili mara 25 hivi zaidi ya hewa iliyotulia. Maji hayo hayaui upesi kama ya bahari za Ulaya. Lakini mtu aliyeshikilia mashua iliyopinduka kwa saa nyingi huishiwa na nguvu, mikono ikafa ganzi, akaachilia. Hata aliye ndani ya mashua, akilowa na kupigwa na upepo, hupoteza joto jingi.

Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35, hiyo ni hatari. Dalili ni kutetemeka, vidole kushindwa kufunga kamba, ulimi kuwa mzito na akili kuchanganyikiwa. Mtu akiacha kutetemeka ilhali bado ni baridi, msidhani amepona. Hali yake imezidi kuwa mbaya.

Suti za wapiga mbizi

Suti hizi ni za aina mbili. Ya kwanza huruhusu maji kidogo kuingia. Maji hayo hunaswa kati ya mpira na ngozi, yakapashwa joto na mwili. Kwa hiyo sharti ibane. Ikilegea, maji baridi hupita ndani na haina faida. Ya pili hufungwa kabisa shingoni na mikononi, maji yasiingie, na mvaaji huvaa nguo za joto ndani yake.

Mvuvi wa omena hahitaji suti hizo. Kazi yake ni kuvuta nyavu juu ya mashua, na mpira huo ungemtosa kwa jasho. Analohitaji ni kubaki mkavu, kuzuia upepo na kuelea.

Mambo ya kuzingatia

Kwanza, nguo. Pamba ikilowa hushika maji na kupoza mwili. Sweta la sufu ni bora, na juu yake koti la mvua. Kofia isisahauliwe, na nguo kavu za kubadilisha zifungwe ndani ya mfuko wa plastiki.

Pili, jaketi la kuokoa maisha. Soma kibandiko chake. Lenye nyutoni 50 humsaidia anayejua kuogelea, lakini halikusudiwi kumgeuza aliyezirai atazame juu. Afadhali la nyutoni 100 au zaidi, linalolingana na uzito wa mvaaji, lenye rangi kali na filimbi. Lijaribiwe kwanza kwenye maji ya kina kifupi: likipanda hadi masikioni, ni kubwa mno. Jaketi lililokaliwa kama mto hadi sponji yake ikasagika halifai tena. Aidha, jaketi lililowekwa chini ya mashua halimwokoi mtu. Livaliwe tangu ufukoni.

Tatu, gambuti. Humkinga mvuvi dhidi ya kichocho anapokanyaga maji ya ufukoni, mradi maji yasiingie ndani. Ziwe pana kidogo ili aweze kuzivua haraka akitumbukia.

Huduma ya kwanza

Aliyepatwa na baridi kali avuliwe nguo zilizolowa, akaushwe, alazwe na kufunikwa blanketi hadi kichwani, uso ukiachwa wazi. Kama ana fahamu na anameza vizuri, apewe chai moto yenye sukari. Msimsugue miguu wala mikono. Akichanganyikiwa au kulegea, apelekwe hospitali mara moja.

Chang'aa isitumiwe kabisa. Pombe hupanua mishipa ya ngozi, mtu akahisi joto ilhali joto la ndani linatoroka. Tena, wengi huamini kwamba baridi ndiyo huleta nimonia. Nimonia husababishwa na viini. Anayekohoa huku akiwa na homa na kupumua kwa shida anahitaji daktari, wala si sweta pekee.

Wewe msomaji wa mjini huenda una kaka, mjomba au binamu anayelala ziwani ili omena zikufikie sokoni. Sikukuu ikifika, kabla ya kumnunulia shati la kuendea kanisani au kanzu ya msikitini, muulize kama ana jaketi la kuokoa maisha.