Simu Mkononi mwa Mtoto: Nani Anamlinda?

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya malaria, kuhara, lishe na chanjo. Leo tunaleta jambo ambalo wengi mtasema si la hospitali, ni la polisi. Tunawaomba mtusome hadi mwisho, kwa kuwa majeraha yake yanafika mikononi mwetu sisi wauguzi.

Siku moja ya ukungu mzito, mama mmoja kutoka vijiji vya Malindi, huku juu milimani Lushoto, alituletea binti yake wa miaka 14. (Mambo machache tumeyabadili ili mtoto asitambulike.) "Sista," alisema, "mwanangu hali, halali, na kila siku tumbo linamuuma." Tulipima damu, choo na mkojo, hatukuona kitu. Mama alipotoka kwenda kumnunulia uji, binti akaanza kulia.

Kwa simu ya kaka yake alikuwa amepata rafiki aliyejiita mwanafunzi wa Tanga mjini. Rafiki huyo alimsifu, akamtumia vocha, kisha akamwomba picha ambayo mtoto hapaswi kuombwa na mtu yeyote. Alipoipata, akageuka. Akadai nyingine, akadai na fedha, la sivyo angeisambaza kijiji kizima. Binti alikuwa ameanza kufikiria kufa.

Tumbo lile halikuwa na minyoo. Lilikuwa na hofu.

UGONJWA HUU NI MKUBWA KIASI GANI?

Utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka 2009 na kutangazwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walitendewa ukatili wa kingono kabla ya kufikia miaka 18. Wakati huo simu zenye intaneti zilikuwa chache sana vijijini.

Mwaka 2022 mashirika ya UNICEF, INTERPOL na ECPAT yalitoa taarifa ya utafiti wao hapa Tanzania. Kati ya kila watoto 100 wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti, 4 walikuwa wametendewa ukatili wa wazi wa namna hii katika mwaka mmoja. Walikadiria kuwa ni watoto wapatao 200,000. Na hao ni kwa hesabu ya waliothubutu kusema.

Dalili zake ni hizi: mtoto anaficha simu, anashtuka inapolia, anakosa usingizi, anashuka masomoni, anajitenga, ana vocha au zawadi zisizojulikana zilikotoka, au anaumwa tumbo na kichwa bila sababu kuonekana.

SHERIA IPO, MAFUTA YA GARI HAYAPO

Sheria ya Mtoto ilitungwa mwaka 2009. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilifuata mwaka 2015. Kwa anayesambaza picha za ngono za watoto kwa kompyuta au simu, sheria hiyo ilipotungwa iliweka faini isiyopungua shilingi milioni 50, au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili. Pia iliwapa polisi uwezo wa kukamata chombo kilichotumika na kudai taarifa zilizomo. Kwa maandishi, mtoto wetu amelindwa.

Mama yule alikwenda kituo kimoja cha polisi. Askari wa Dawati la Jinsia na Watoto alimpokea kwa upole. Lakini kuichunguza simu ni kazi ya wataalamu wenye mitambo maalumu, na kituoni pale mitambo hiyo haikuwepo. Gari halikuwa na mafuta. Mama akaambiwa asubiri. Aliporudi nyumbani, kaka mtu, kwa kuogopa aibu, alifuta ujumbe wote. Kesi ikafia hapo.

Hatumlaumu askari yule. Maabara bila darubini haiwezi kuona vijidudu vya malaria, hata mpimaji awe hodari namna gani. Polisi bila mitambo, bila mafunzo na bila mafuta ni hivyo hivyo.

FEDHA ZA SERIKALI ZIFANYE NINI?

Marekani, tangu mwaka 1998, serikali kuu hutoa fedha kwa vikosi maalumu vya polisi vinavyowasaka wanaowawinda watoto mtandaoni. Leo vikosi hivyo ni 61. Hatuna utajiri wao, lakini somo ni moja: kazi hii haifanyiki kwa huruma peke yake, inahitaji fungu lake katika bajeti.

Kwetu fungu hilo linunue vifaa vya kuchunguza simu, lisomeshe askari wa Dawati, na lijaze mafuta ili askari apande hadi kijijini kabla ushahidi haujapotea. Afisa ustawi wa jamii naye awezeshwe kumtembelea mtoto nyumbani, kwani kidonda cha moyo hakiponi kwa panadoli.

Msomaji, sauti yako inahusika. Bajeti hujadiliwa bungeni kati ya Aprili na Juni, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Fedha za polisi hupitia Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, basi mwulize mbunge wako. Habari za afisa ustawi wa jamii mwulize diwani, maana hizo ni za halmashauri. Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila miezi mitatu. Tumezoea kusimama hapo kudai barabara ya kushushia kabichi na viazi. Tusimame na kwa ajili ya watoto.

MZAZI AFANYE NINI LEO?

1. Usimpige mtoto wala kumtukana. Aliyetenda kosa ni mtu mzima yule.

2. Usifute chochote. Andika namba, jina lililotumika, siku na saa. Picha usimrushie mtu mwingine, hata kwa nia njema.

3. Usilipe. Akilipwa mara moja atarudi.

4. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto, au piga 116, simu ya huduma kwa watoto. Ni bure.

5. Kama walionana ana kwa ana na mtoto akaingiliwa, mlete hospitali upesi, asioge, wala nguo zisifuliwe. Dawa za kuzuia VVU zinafaa zikianzwa ndani ya saa 72. Usingoje fomu ya PF3. Mlete kwanza, fomu itafuata.

Binti yetu amerudi shuleni. Anakula, na kila mwezi anakuja tuzungumze naye. Lakini mtu aliyemtisha hajakamatwa, na huenda usiku huu anamwandikia mtoto wa jirani yako. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa tumeuona. Tudai fedha za kuuziba.