Bango la Karatasi na Bango la Skrini: Namna Utafiti wa Kazi Unavyotangazwa

Kila kazi ina soko lake. Mkulima wa karafuu hupeleka mavuno yake kituoni, mvuvi hupeleka samaki wake mnadani, na mtaalamu hupeleka matokeo ya uchunguzi wake mkutanoni. Huko wenzake huyapima, huyaulizia maswali, huyakubali ama huyakataa. Kwa muda mrefu mlango wa soko hilo la elimu ulikuwa mmoja tu, nao ni hotuba: mtu mmoja husimama mbele ya ukumbi, na wengine huketi kimya wakisikiliza.

Mikutano ilipopanuka, mlango huo ukawa mwembamba. Tuseme watafiti 300 wanataka kuzungumza, kila mmoja kwa dakika 20. Jumla yake ni dakika 6,000, yaani saa 100, au siku kumi na mbili na nusu za saa nane nane. Hakuna mkutano unaoweza kuchukua muda huo katika ukumbi mmoja. Ndipo lilipobuniwa bango la utafiti: badala ya wasikilizaji kumngoja msemaji, wasomaji huzunguka ukumbini, husimama mbele ya bango wanalolitaka, na kuzungumza na mwenyewe aliyesimama kando yake.

ASILI YA BANGO

Njia hiyo si ya kale kama wengi wanavyodhani. Miongoni mwa mikutano ya kwanza ya kimataifa kuitumia ni ule wa wataalamu wa baiokemia wa Ulaya uliofanyika Madrid, Hispania, mwaka 1969. Nchini Marekani ilipata umaarufu baada ya mkutano wa wataalamu wa baiokemia na baiofizikia uliofanyika Minneapolis mwaka 1974. Kutoka hapo ikaenea katika taaluma nyingine zote, pamoja na taaluma inayochunguza tabia za watu wawapo kazini.

Karatasi inayotumiwa mara nyingi ni ya ukubwa uitwao A0, yenye upana wa milimita 841 na urefu wa milimita 1,189, ambayo eneo lake ni karibu mita moja ya mraba. Katika miaka ya karibuni mikutano mingi imeweka skrini mahali pa karatasi. Mtafiti hutuma bango lake kwa njia ya kompyuta kabla ya mkutano. Saa yake ikifika, bango huonekana katika skrini kubwa, naye hupewa dakika chache za kulieleza. Maradhi ya UVIKO-19 yalipoenea mwaka 2020, mikutano mingi ilifanyika bila watu kukutana ana kwa ana. Mkutano wa mwaka wa Academy of Management, chama kikubwa cha wasomi wa uongozi wa kazi, uliokuwa ufanyike Vancouver, Kanada, mwezi wa Agosti mwaka huo, ulihamishiwa katika mtandao. Mabango yake hayakuwa na budi kuufuata.

Ni jambo la kuvutia kwamba mtu aliyelitikisa zaidi bango la kisayansi alitoka katika taaluma hiyo hiyo ya tabia za kazini. Mwaka 2019 Mike Morrison, aliyekuwa mwanafunzi wa udaktari wa saikolojia ya kazi katika Chuo Kikuu cha Michigan State, alitoa filamu fupi ya katuni akilalamika kwamba mabango yamekuwa kama kurasa za kitabu zilizobandikwa ukutani. Alipendekeza jambo kuu lililogunduliwa liandikwe katikati, kwa lugha nyepesi na herufi kubwa, na anayetaka undani aufuate kwa kupiga picha kwa simu ile alama ya vijiraba vyeusi na vyeupe. Wapo waliompinga kwa hoja kwamba sentensi moja kubwa huwanyima nafasi michoro na takwimu. Hata hivyo swali lake halikuepukika: bango ni la nani, mwandishi au msomaji?

ELIMU YA TABIA ZA WATU KAZINI

Ili swali hilo lieleweke, yafaa kwanza kutazama taaluma yenyewe inachunguza nini. Mfano wake mashuhuri ni uchunguzi ulioanza mwaka 1924 katika kiwanda cha Hawthorne cha kampuni ya Western Electric, karibu na Chicago, Marekani. Nia ilikuwa kupima iwapo mwanga wa taa huongeza kazi. Vitabu vingi vimesimulia kwamba kazi iliongezeka mwanga ulipozidishwa, na ikaongezeka pia ulipopunguzwa; hivyo ikasemekana kwamba wafanyakazi walibadilika kwa sababu walijua wanatazamwa. Wachunguzi wa baadaye waliozipitia upya takwimu za awali walionyesha kwamba ushahidi wa masimulizi hayo ni dhaifu. Lakini onyo limebaki: anayepima kazi ya binadamu hapimi jiwe. Hana budi kujiuliza kama namna yake ya kupima haikuyaharibu matokeo yenyewe.

Onyo hilo lina uzito katika kisiwa cha Unguja, ambako kazi nyingi hazifanyiki katika jengo lenye mlango, kengele na daftari la mahudhurio.

MFANO WA PWANI YA MASHARIKI

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, katika vijiji vya Paje na Jambiani, na walio wengi katika kazi hiyo ni wanawake. Mkulima hukita vigingi mchangani mahali penye maji kidogo, hufunga kamba kati ya kigingi na kigingi, na katika kamba hiyo huning'iniza vipande vya mwani kwa nyuzi ndogo. Kazi hii hufanyika maji yakiwa yamekupwa, hasa wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, ambapo maji hutoka mbali sana. Wakati wa maji mafu shamba huwa halifikiki vyema.

Sasa tuseme mtafiti mgeni anaondoka Mji Mkongwe kila Jumatatu na kufika shambani saa 4 asubuhi, akihesabu wakulima waliopo. Jumatatu ya kwanza ni bamvua, na saa hiyo ndiyo hasa maji yamekupwa kabisa. Anakuta shamba limejaa watu. Juma la pili afike saa ile ile: hakuna mtu. Juma la tatu wamerudi. Juma la nne hawapo. Akiwa na haraka ataandika katika bango lake kwamba wakulima wa mwani huhudhuria kazini nusu tu ya siku zao, na huenda akapendekeza wapewe semina ya nidhamu.

Kosa liko wapi? Liko katika saa. Maji hupwa na kujaa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi. Kwa hiyo kila siku wakati wa kupwa huchelewa kwa wastani wa dakika 50. Katika siku saba ucheleweshaji huo hufika dakika 350, ambazo ni karibu saa 6. Na kwa kuwa kati ya kupwa na kujaa kuna saa 6 na dakika chache, mahali palipokuwa pakavu Jumatatu hii saa 4 asubuhi patakuwa pamefunikwa na maji Jumatatu ijayo saa ile ile. Zaidi ya hayo, juma hilo la pili ni la maji mafu. Hivyo mtafiti hakupima bidii ya wakulima. Alipima mwezi, naye hakujua.

Mkulima yeyote wa Jambiani angemsahihisha mtafiti huyo kwa sentensi moja. Lakini ili amsahihishe, ni lazima kwanza alione bango na aweze kulisoma.

KAZI YA SKRINI

Hapa ndipo bango la kidijitali linapoweza kuzidi lile la karatasi. Karatasi huonyesha mambo yakiwa yamesimama. Skrini huweza kuonyesha maji yakipanda na kushuka kwa siku 28, na sambamba nayo idadi ya wakulima ikipanda na kushuka. Msomaji huona kwa macho yake kwamba mikondo miwili inafuatana: maji yakitoka watu huingia, maji yakiingia watu hutoka. Maelezo ambayo yangechukua kurasa tatu hufahamika kwa nusu dakika.

Aidha, bango la skrini laweza kuwa na lugha mbili au tatu bila kuongeza ukubwa. Msomaji hubonyeza tu. Na laweza kubebwa katika simu hadi kijijini, ambako karatasi ya A0 ingefika imekunjika na kulowa.

Mfano wa matokeo yanayostahili safari hiyo upo. Mwaka 2012 jarida la kisayansi la Aquaculture lilichapisha uchunguzi wa afya na kipato cha wakulima wa mwani wa Zanzibar wakilinganishwa na wanawake wasiofanya kazi hiyo. Wakulima walieleza kuwa na afya duni zaidi: uchovu, maumivu ya misuli na viungo, matatizo ya macho na ya kupumua, na majeraha ya viumbe wa baharini na makombe makali. Kipato chao nacho kilikuwa kidogo mno. Matokeo ya namna hiyo yakibaki katika ukumbi wa mkutano, wanaoyajua ni wale tu ambao migongo yao haiumi.

HESABU YA JICHO

Wengine hudhani kwamba skrini ni bora kwa kila hali. Fizikia haikubali. Karatasi ya A0 iliyochapwa kwa nukta 300 katika kila inchi hubeba nukta zipatazo milioni 139. Skrini ya kawaida yenye nukta 1,920 kwa 1,080 hubeba nukta 2,073,600 tu. Karatasi basi huizidi skrini hiyo karibu mara 67.

Lakini jicho nalo lina mpaka. Jicho zima huweza kutenganisha nukta mbili zikiwa zimeachana kwa pembe ya dakika moja, ambayo ni sehemu ya 60 ya digrii. Msomaji akisimama umbali wa mita 2, pembe hiyo ni sawa na milimita 0.58. Katika skrini ya inchi 55, ambayo upana wake ni sentimita 122 hivi, kila nukta ina upana wa milimita 0.63. Maana yake ni kwamba kwa umbali huo skrini hutoa karibu kila kinachoweza kuonekana, na nukta za ziada za karatasi humfaa yule tu anayesogea karibu.

Kutokana na hesabu hiyo hutoka kanuni ya herufi. Kwa umbali wa mita 2, herufi ndogo kabisa inayosomeka kwa shida ina kimo cha milimita 3 hivi. Ili isomeke kwa raha na mtu anayepita, kimo chake kizidishwe walau mara tatu. Bango lenye herufi ndogo kuliko hizo halitasomwa, liwe la karatasi au la skrini.

UMEME NA SIRI YA MFANYAKAZI

Skrini pia ina bwana wake, naye ni umeme. Unguja huletewa umeme kutoka Tanzania Bara kwa waya uliopita chini ya bahari. Wa kwanza ulianza kazi mwaka 1980. Kuanzia tarehe 21 Mei 2008 kisiwa kilikaa gizani kwa muda wa majuma manne, na kuanzia Desemba 2009 kikakaa tena gizani kwa miezi mitatu hivi. Waya mpya wenye uwezo wa megawati 100 ulizinduliwa mwaka 2013. Giza la mwaka 2008 lenyewe liligeuka kuwa somo la utafiti wa kazi: ilionekana kwamba watu ambao kazi zao zilitegemea umeme walipoteza saa nyingi za kazi na sehemu ya kipato chao. Mwenye bango la kidijitali hana budi kuwa na nakala ya karatasi, hata ndogo.

Jambo la pili ni zito zaidi. Bango la karatasi hutunguliwa mkutano ukiisha. Bango la skrini hunakiliwa, husambazwa, na huweza kudumu miaka mingi. Tuseme ndani yake mna filamu fupi ya mkulima akilalamikia bei ya mnunuzi wa mwani, au ya mhudumu wa hoteli ya Mji Mkongwe akieleza saa zake za kazi. Mtafiti ameficha jina. Lakini katika kijiji ambako kila mtu anamjua mwenzake, sauti humtambulisha mtu, na kanga humtambulisha, na mwendo humtambulisha. Mnunuzi au mwajiri akiiona filamu hiyo, anayeumia si mtafiti. Kwa sababu hiyo, ruhusa inayoombwa kwa mfanyakazi isiwe ya kuhojiwa tu. Aelezwe wazi kwamba picha na sauti yake zitaonekana wapi, na nani, na kwa muda gani, naye awe na haki ya kukataa. Mara nyingi mchoro hufanya kazi ile ile bila kumtia mtu hatarini.

ZOEZI LA DARASANI

Walimu wa sayansi, jiografia na uraia wanaweza kulifundisha somo hili bila skrini yoyote. Wanafunzi wa shule iliyo karibu na pwani wachague kazi moja inayoonekana hadharani, kama vile kilimo cha mwani, uokotaji wa chaza, au mnada wa samaki wa Malindi. Kundi la kwanza lihesabu watu kila siku saa moja maalumu kwa siku 14, bila kuandika jina la mtu. Kundi la pili lihesabu kila siku wakati maji yanapokupwa mchana. Kila kundi lichore mkondo wake, na michoro miwili ilinganishwe. Kisha darasa litengeneze bango moja la karatasi: jambo kuu katikati kwa herufi zinazosomeka umbali wa mita 2, michoro pembeni, na njia ya kupima chini. Kabla ya kulibandika shuleni, wanafunzi walipeleke kwa watu waliohesabiwa, wawasomee, na kuyaandika masahihisho yatakayotolewa. Masahihisho hayo yaingizwe katika bango kwa wino wa rangi nyingine, ili kila msomaji aone ni nini darasa lilikijua kwa kuhesabu, na ni nini lilikijua kwa kuuliza.