Kivinjari Kinapobadilika: Manung'uniko ya Watumiaji na Funzo Lake kwa Mwalimu

Kivinjari ni programu inayomwezesha mtu kufungua na kusoma kurasa za tovuti katika kompyuta au simu. Kivinjari cha kwanza kiliandikwa mwaka 1990 na Tim Berners-Lee katika kituo cha utafiti cha CERN, karibu na mji wa Geneva nchini Uswisi. Tangu hapo vivinjari vimekuwa vingi, na kila kimoja hutolewa upya mara kwa mara: kasoro hurekebishwa, vifaa huongezwa, na pengine sura yake yote hugeuzwa. Kazi hiyo huitwa kusasisha.

Kila sura inapogeuzwa, watumiaji husema. Wako wanaosifu na wako wanaonung'unika, na aghalabu sauti ya wanaonung'unika ndiyo husikika zaidi. Ni rahisi kuwapuuza kwa kudai kwamba wanaogopa mambo mapya. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba manung'uniko hayo si ya namna moja, kwamba kila namna ina sababu yake, na kwamba mwalimu atakayewafundisha watoto kutumia kompyuta hana budi kuyafahamu kabla hajaandika andalio lake la kwanza. Tutatumia mfano wa kivinjari kimoja, Firefox, ambacho toleo lake la 1.0 lilitolewa na Mozilla mwezi Novemba 2004.

1. Manung'uniko ya mazoea

Tarehe 29 Aprili 2014 lilitoka toleo la 29 la Firefox, likiwa na sura mpya iliyoitwa Australis. Katika kompyuta za Windows, kitufe cha rangi ya machungwa kilichokuwa juu kushoto kiliondolewa, na menyu ikahamia kulia chini ya alama ya mistari mitatu. Vichupo, yaani vile vibango vinavyoonyesha kurasa zilizofunguliwa, vilipewa kingo za mviringo, na ruhusa ya kuvishusha chini ya upau wa anwani ikafutwa. Upau mdogo wa chini, ambamo watu walipanga alama za programu zao za nyongeza, nao ukaondolewa.

Waliosifu walisema kwamba sura imekuwa safi na kwamba menyu mpya yaweza kupangwa apendavyo mtumiaji. Wengine walilalamika kwamba Firefox sasa inafanana mno na Chrome, kivinjari cha Google, ilhali wao waliichagua kwa kuwa ilikuwa tofauti. Wako pia ambao hawakuishia kusema, bali walipakua programu ya nyongeza iliyoitwa Classic Theme Restorer ili warudishiwe sura ya zamani.

Hapa tujiulize: ni nani hasa aliyetaabika? Mtu aliyeketi mbele ya Firefox kwa mara ya kwanza mwezi Mei 2014 hakuona badiliko lolote. Kwake kila kitu kilikuwa kipya. Aliyetaabika ni yule aliyeitumia kwa miaka mingi, ambaye mkono wake ulikwenda juu kushoto kabla hata hajafikiri. Hali yake ilikuwa kama ya mpishi anayerudi jikoni akakuta chumvi imewekwa katika kopo la sukari. Upishi anaujua, lakini wepesi wake umeondoka, na kila hatua sasa yahitaji kutazama. Wahenga walisema kwamba mazoea yana taabu. Basi manung'uniko ya namna hii hayaonyeshi ujinga. Mara nyingi yanaonyesha kwamba msemaji alikuwa stadi, na ustadi wake umepunguzwa kwa usiku mmoja.

2. Manung'uniko ya uwezo uliopotea

Tarehe 14 Novemba 2017 lilitoka toleo la 57, lililopewa jina la Quantum. Watengenezaji walitangaza kwamba kasi yake ni mara mbili ya ile ya toleo lililokuwapo nusu mwaka uliotangulia, na watumiaji wengi waliisifu kasi hiyo. Hata hivyo, siku hiyo hiyo programu za nyongeza za mtindo wa zamani ziliacha kufanya kazi zote. Classic Theme Restorer, iliyokuwa faraja ya waliochukizwa na sura ya mwaka 2014, ilikuwa miongoni mwake.

Sababu ya uamuzi huo ilikuwa ya kiufundi. Programu za nyongeza za zamani ziliruhusiwa kuingia ndani kabisa ya kivinjari na kugeuza karibu chochote. Ruhusa hiyo iliwapa watumiaji uwezo mkubwa; lakini pia kila mara watengenezaji walipogusa sehemu ya ndani ya kivinjari, nyongeza fulani iliharibika, na nyongeza yenye nia mbaya iliweza kuleta madhara makubwa. Mtindo mpya uliweka mipaka. Mozilla ilikwisha tangaza mpango huo tangu Agosti 2015, lakini mtumiaji wa kawaida hasomi matangazo ya mafundi. Yeye alijua siku alipofungua kompyuta akakuta chombo chake hakipo.

Tofauti na lile la kwanza ni kubwa. Kitufe kilichohamishwa hupatikana baada ya siku chache, na mkono hujifunza njia mpya. Chombo kilichoondolewa hakirudi kwa mazoezi. Anayemwambia mtu wa namna hii kwamba atazoea tu, hajamsikiliza.

3. Manung'uniko ya mwendo

Namna ya tatu yahusu kasi ya mabadiliko yenyewe. Hadi mwanzoni mwa mwaka 2011 matoleo makubwa ya Firefox yalitoka kwa nadra. Kuanzia toleo la 5, mwezi Juni mwaka huo, ilipangwa kwamba toleo jipya litoke kila baada ya majuma sita. Taasisi zenye kompyuta nyingi zililalamika kwamba haziwezi kupima kila toleo kabla ya kuwapa wafanyakazi wao. Lalamiko hilo lilisikilizwa: mwezi Januari 2012 Mozilla ilitoa toleo la muda mrefu, ambalo sura na vifaa vyake hukaa bila kubadilika kwa takriban mwaka mmoja, huku marekebisho ya usalama yakiendelea kutolewa.

Katika shule zetu namna hii ya tatu huchukua sura nyingine. Pale intaneti inaponunuliwa kwa kifurushi, sasisho linaloshuka lenyewe laweza kumaliza kifurushi kilichokusudiwa kwa somo. Mwalimu anayenung'unika kwa sababu hiyo anazungumzia gharama, wala hana ugomvi na maendeleo.

4. Je, si afadhali kukataa kusasisha?

Wako watumiaji wanaofikia uamuzi huo, nasi hatuna budi kuwaonya walimu watarajiwa juu yake. Kivinjari ndicho mlango ambamo maandishi, picha na programu za watu tusiowajua huingia katika kompyuta yetu. Kasoro ya usalama inapogunduliwa, hurekebishwa katika toleo linalofuata. Lakini rekebisho likishatolewa, wahalifu nao wanaweza kulichunguza wakajua ni tundu gani lililokuwa wazi, kisha wakawatafuta wale ambao hawajaliziba. Kwa hiyo kompyuta iliyoachwa na toleo kuukuu haibaki katika hali yake ya jana. Kila mwezi hatari yake huongezeka. Waliokimbilia toleo la muda mrefu la 52 ili wabaki na nyongeza zao za zamani walipata nafuu ya muda tu, maana huduma ya toleo hilo ilikoma mwaka 2018.

Basi mtumiaji hawezi kuyakwepa mabadiliko. Linalowezekana ni kumwandaa ayapokee bila kupotea, na hiyo ni kazi ya mwalimu.

5. Namna ya kufundisha

Kosa la kuepukwa ni kufundisha mahali badala ya kazi. Mtoto aliyekaririshwa kwamba "menyu ni kile kitufe cha rangi ya machungwa kilichopo juu kushoto" alikuwa na maarifa yaliyokwisha tarehe 29 Aprili 2014. Aliyefundishwa kwamba kila kivinjari kina mahali pa kuandika anwani, njia ya kurudi nyuma, njia ya kufungua ukurasa mwingine na menyu yenye mambo yaliyosalia, ataitazama sura mpya na kujiuliza kila kazi imehamia wapi. Twapendekeza somo la Darasa la Tano liende hivi:

(a) Chora katika karatasi mbili za manila kivinjari kile kile, kabla ya kubadilishwa na baada ya kubadilishwa. Zana hii yafaa hata pale penye kompyuta moja tu, au pasipo na umeme siku hiyo.

(b) Onyesha mchoro wa kwanza. Wanafunzi wataje kazi ya kila sehemu kwa kitenzi: kurudi, kufungua, kutafuta, kuhifadhi. Andika vitenzi hivyo ubaoni. Usikubali jibu linalotaja rangi au upande peke yake.

(c) Ficha mchoro wa kwanza, onyesha wa pili. Wanafunzi, wawili wawili, watafute kila kitenzi kilichoandikwa ubaoni kimewekwa wapi sasa. Wape nafasi ya kukosea na kujaribu tena kabla hujawaonyesha.

(d) Waulize: ni kitu gani kimehamishwa, na ni kitu gani kimeondolewa kabisa? Kwa swali hili watajifunza kupambanua namna mbili za manung'uniko tulizozieleza, na kila mmoja ataweza kusema shida yake kwa usahihi.

(e) Katika kupima, usiulize "Kitufe cha menyu kiko upande gani?" Wape picha ya kivinjari wasichowahi kukiona, uwaulize wangefanyaje ili warudi katika ukurasa waliotoka.

Hatua ya (d) yastahili kupewa muda wa kutosha. Siku sura ya kivinjari itakapogeuka katikati ya muhula, wanafunzi watakuja kulalamika. Mwalimu asiwanyamazishe. Awaulize kwanza kama kitu kimehamia au kimepotea. Kikiwa kimehamia, wakitafute pamoja. Kikiwa kimepotea, akubali kwamba wamepungukiwa, kisha watafute njia nyingine ya kuifanya kazi hiyo. Na ikiwa shida ni kifurushi kilichokwisha, jambo hilo lipelekwe kwa mwalimu mkuu, ili masasisho yapangiwe siku isiyo na kipindi cha TEHAMA.