Uzi wa Kufumia Huweza Kuharibika Kabla ya Sindano Kuugusa

Sweta ikinywea baada ya kufuliwa mara ya kwanza, lawama huangukia sabuni, au maji ya moto, au mikono ya aliyefuma. Mara nyingine lawama hiyo ni ya haki. Lakini ziko sweta ambazo kasoro yake ilianza zamani, siku uzi ulipotoka dukani, ukazungushwa, ukatiwa mfukoni na kusukumwa chini ya kitanda. Kwa mama anayefuma sweta za watoto wa shule ili apate karo ya wanawe, jambo hili si dogo, maana fedha zake hulala katika uzi ule kwa miezi kabla ya kurudi.

Yafaa kwanza kujua sufu ni kitu gani. Unyoya wa kondoo haukunyooka. Umejikunja mawimbi mawimbi, na kwa sababu hiyo ukiuvuta hurefuka, ukiuachia hurudi. Mikunjo hiyo ndiyo inayoshika hewa ndani ya sweta, na hewa hiyo ndiyo impayo joto mtoto wa Limuru au Kinangop aendaye shule alfajiri. Basi mtu akizungusha uzi kwa nguvu mpaka donge likawa gumu kama jiwe, uzi hukaa umevutwa, na ukikaa hivyo majuma mengi huwa kama uliosahau urefu wake wa asili. Mfumaji hupima vema, huhesabu vitanzi vyake vema, na sweta hutoka sawasawa kabisa. Siku ya kufuliwa, maji huukumbusha uzi urefu wake, nao hujirudi. Sweta iliyofumwa kwa mtoto wa miaka minane sasa yamtosha wa miaka sita.

Kinga yake haina gharama. Unapozungusha donge, weka vidole vitatu au vinne juu yake, uzi upite juu ya vidole, kisha uvichomoe na kuendelea upande mwingine. Donge jema hubonyea likifinywa. Uzi ulionunuliwa ukiwa fungu refu lililosokotwa, uache hivyo hivyo hadi siku ya kuanza kazi. Ama uzi wa mashine, ule uliozungushwa kwenye koni ya karatasi, huwa umevutwa tangu kiwandani, tena mara nyingi umetiwa mafuta au nta ili upite vizuri. Afumaye kwa uzi huo na afume kwanza kipande cha majaribio, akifue, akikaushe, ndipo apime.

Adui wa pili ni nondo. Yule mdudu mdogo wa rangi ya dhahabu tumwonaye akiruka hali sufu. Hali kitu chochote. Jike hutaga mayai kama 40 au 50 mahali penye giza pasipoguswa, na walaji ni viwavi watokao humo. Hao hupenda zaidi sufu yenye jasho na mafuta, kwa hiyo uzi uliofumuliwa kutoka sweta kuukuu ufuliwe na kuanikwa kabla ya kuwekwa pamoja na mpya. Mwenye jokofu la kugandisha aweza kuutia uzi humo katika mfuko uliofungwa, kwenye baridi ya digrii 18 chini ya sifuri, kwa majuma mawili. Akiutoa asifungue mfuko mpaka upoteze baridi, la sivyo uzi utalowa umande. Uzi wa akriliki, ambao ndio wa sweta nyingi za shule siku hizi, si chakula cha nondo.

Wengi hutegemea vidonge vya naftalini. Hapa hapana budi kuonya kwa nguvu. Mvuke wa vidonge hivyo huingia katika uzi na kukaa humo. Wako watu ambao damu yao ina upungufu wa kurithi, na upungufu huo ni wa kawaida mahali palipokuwa na malaria tangu kale, kama vile Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria. Mtoto mchanga mwenye upungufu huo akivikwa nguo yenye naftalini, chembe zake nyekundu za damu huvunjika, macho na ngozi yakawa ya manjano, na aweza hata kufa. Uzi wa kofia na soksi za watoto wachanga usikaribiane na vidonge hivyo kamwe.

Mfuko wa plastiki huzuia vumbi na nondo, lakini hufungia ndani unyevu wowote uliomo. Sufu yaweza kunywa maji karibu theluthi moja ya uzito wake na bado mkono usihisi kuwa imelowa, hivyo mtu wa Mombasa aweza kuufunga uzi akidhani ni mkavu, akakuta ukungu. Foronya ya pamba iliyofumwa kwa kubana, mdomo wake ukafungwa sana, hupumua vizuri zaidi. Nayo iwekwe mbali na dirisha, kwa kuwa jua hufifisha rangi.

Tena usitupe karatasi iliyozunguka uzi. Ina namba mbili: moja ya rangi yenyewe, nyingine ya mkupuo uliotiwa rangi pamoja. Mikupuo miwili ya buluu ile ile hufanana dukani, ikatofautiana kifuani mwa mtoto. Ukilazimika kuichanganya, fuma mistari miwili ya huu na miwili ya ule, hadi mkupuo wa kwanza uishe.