Dawa Ni Amana



Baada ya darsa ya kina mama hapa Malindi, mama mmoja alitujia na swali. Mwanawe alikuwa akiugua homa kwa mara ya tatu, na dawa aliyoizoea kuinunua dukani bila cheti cha daktari haikumfaa tena. Jirani akamweleza kuwa ipo dawa mpya ya chembe za madini ya fedha, inayoua vijidudu vyote, nayo huuzwa kwa chupa ili inywewe. Je, ampe mtoto?

Tumeona tulijibu swali hili mbele ya familia zote.

Antibiotiki huua bakteria. Zikitumiwa ovyo, bakteria dhaifu hufa, na wenye nguvu husalia wakazaana. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alilionya jambo hilo alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945. Mwaka 2019 pekee, watu wapatao milioni 1.27 duniani walifariki kwa sababu ya bakteria walioshinda dawa.

Wala jambo hili haliko mbali nasi. Hapo Kilifi, watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust, walioanza kazi yao mwaka 1989, walipima damu za watoto waliolazwa hospitalini kati ya 1998 na 2002. Walikuta kwamba zaidi ya robo ya watoto waliofia humo walikuwa na bakteria katika damu. Watoto wa namna hiyo tegemeo lao ni antibiotiki. Zikishindwa, tutawatibu kwa nini?

Ndiyo maana wanasayansi wanatafuta njia nyingine, na mojawapo ni chembe za nano. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele mmoja una upana wa maelfu mengi ya nanomita. Chembe za fedha za kiasi hicho hupasua utando wa bakteria na kuvuruga kazi zake za ndani. Kwa kuwa humshambulia kwa njia nyingi kwa pamoja, humwia vigumu kujikinga. Hata hivyo si muhali, kwani wapo bakteria waliokwisha kuizoea fedha.

Fedha hutumika tayari katika malhamu za majeraha ya moto na katika bandeji. Hapo ni juu ya jeraha, si tumboni. Chembe hizo huweza kudhuru hata seli zetu, na anywaye maji ya fedha kwa muda mrefu huweza kugeuka ngozi ikawa ya kijivu na buluu, rangi isiyotoka.

Basi tulimjibu: usimpe, mpeleke hospitali apimwe. Hapo akainamisha kichwa, akakiri kuwa kila mara huipunguza dawa ya mtoto, nusu akamwekea mdogo wake. Hatukumlaumu, hali ya maisha twaijua.

Lakini, enyi wazazi, Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kujitibu, na pia ametukataza kudhuru. Tusinunue antibiotiki bila cheti, tusiitumie kwa mafua, tusigawane masalio, na dozi tuitimize kama tulivyoelekezwa. Dawa hii ni amana. Tukiipoteza leo, wajukuu wetu wataidai kwetu.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu. Amin.