Kabla ya kufyatua tofali la vyumba vya kupangisha, kaeni kikao cha nyumbani

Kasulu. Mwaka tuliopata mahindi ya kutosha, baba watoto alirudi jioni kutoka mnadani akiwa na furaha isiyo ya kawaida. Kabla hajavua viatu akasema, "Mama, safari hii tunajenga vyumba vinne vya kupangisha. Pale nyuma ya jiko."

Nyuma ya jiko ndipo ilipo migomba yetu. Mwezi ambao mfukoni hamna kitu, watoto hula kutoka pale. Usiku ule sikubishana naye. Asubuhi, akiwa anakunywa chai, nikamuuliza swali moja tu: "Baba, hao wapangaji wanne ni akina nani?"

Akanyamaza. Alikuwa amehesabu matofali, mifuko ya saruji na bati. Watu wa kulala humo ndani hakuwa amewahesabu.

Mzazi mwenzangu, kama uko hapa Rungwe Mpya, Makere, Kibondo au popote penye kijiji kinachokua, na umeanza kuwaza vyumba vya kupangisha ili watoto wasome na uzee usikukute mikono mitupu, wazo lako si baya. Ila anza na swali lile. Sisi tulichelewa kulijibu na likatugharimu.

Mjue mpangaji kabla ya fundi

Mjini Kasulu, ukiweka kibao cha "chumba kinapangishwa", kuna wanafunzi wa vyuo, wafanyabiashara na watumishi wa halmashauri. Kijijini hali ni nyingine. Watu wengi wana nyumba zao. Anayetafuta chumba ni mwalimu aliyepangiwa shule ya kata, muuguzi wa zahanati, kijana wa duka au wa bodaboda, au fundi aliyekuja na mradi.

Wilaya zetu zina kundi jingine: watumishi wa mashirika yanayohudumia wakimbizi. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, imekuwapo tangu 1996 walipokuja Wakongo. Mwaka 2015 Warundi walipokimbia machafuko, kambi ya Nduta huko Kibondo ilifunguliwa tena, kisha Mtendeli ya Kakonko. Watumishi wa namna hiyo hulipa vizuri na hawasumbui. Lakini Mtendeli ilifungwa mwaka 2021. Kambi ikifungwa au fedha za wafadhili zikipungua, wapangaji huondoka kwa mwezi mmoja, wote pamoja. Ndivyo ilivyo pia kwa mafundi wa barabara: lami ikifika mwisho wa kipande chao, wanafunga mizigo.

Usiwakatae wapangaji hao, ila usijenge kwa ajili yao peke yao. Jenga chumba ambacho mwalimu anaweza kukilipia kwa mshahara wake, kwa sababu shule itabaki. Zunguka kwanza: muulize mwalimu mkuu walimu wake wanaishi wapi, muulize mganga wa zahanati, hesabu vyumba vilivyo wazi kijijini. Ukikuta vyumba vitano vina kufuli na hakuna anayeviulizia, umepata jibu bila kununua hata mfuko mmoja wa saruji.

Ardhi hiyo ni ya nani?

Kiwanja chetu cha barabarani alitupa baba mkwe kwa mdomo. Tulijua ni chetu, majirani walijua, na mashemeji walijua. Lakini mzee akiondoka, maneno nayo huondoka. Kabla ya kuchimba msingi tuliomba kikao cha familia. Wadogo wa mume wangu walikaa, mzee akasema mbele yao, muhtasari ukaandikwa na kusainiwa, nakala moja ikapelekwa kwa mtendaji wa kijiji.

Ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na unaweza kuomba hati ya hakimiliki ya kimila. Sheria hiyo inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Baba unayesoma hapa, jina la mama likiandikwa pamoja na lako hujapoteza kitu; umewalinda watoto siku usipokuwapo. Na kwa nyumba mnayoishi, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamkataza mwanandoa kuiuza, kuiweka rehani au kuipangisha bila ridhaa ya mwenzake.

Kama unanunua kiwanja, usimalizane na muuzaji gizani. Mkalishe muuzaji na mkewe au mumewe, majirani wa mipakani na viongozi wa kijiji. Halmashauri ya kijiji ipitishe.

Hesabu miezi ambayo chumba ni kitupu

Chukua daftari la mtoto tupige hesabu ya mfano. Tuseme vyumba vitatu vimekugharimu Sh9,000,000, na kila kimoja unakipangisha kwa Sh30,000 kwa mwezi. Kwa mwaka mzima, vyote vikiwa na watu, unapata Sh1,080,000. Wengi huishia hapo na kusema, "Miaka minane na kitu pesa imerudi."

Endelea. Weka miezi miwili kwa mwaka ambayo kila chumba kitakaa bila mtu. Inabaki Sh900,000. Sheria ya Kodi ya Mapato ina kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye pango; hiyo ni Sh90,000. Tenga Sh90,000 nyingine ya kitasa, rangi, bati lililovuja na choo. Unabaki na Sh720,000, na miaka minane imekuwa kumi na mbili na nusu.

Hesabu hiyo isikukatishe tamaa. Chumba kizuri kitalipa baada ya hapo miaka mingi, na mtoto aliye darasa la kwanza leo atakuwa amekua. Inachokukataza ni kujenga kwa mkopo wa muda mfupi. Ukikopa Sh9,000,000 za kurejesha kwa miezi 24, kila mwezi utadaiwa Sh375,000 kabla ya riba. Vyumba vyako vitatu vikiwa vimejaa vinaleta Sh90,000. Pengo hilo utalijaza kwa mahindi ya watoto, na shamba likikataa mwaka huo, kwa kiwanja chenyewe.

Jenga kidogo kidogo, na ujenge kiangazi

Baada ya mazungumzo ya wiki mbili, vyumba vinne vya nyuma ya jiko vikawa viwili vya barabarani. Migomba ikabaki.

Kwetu nyanda za juu, matofali hufyatuliwa na kuchomwa kiangazi, kati ya Juni na Septemba, na mvua zikianza kazi huwa ngumu. Usianze tanuru Oktoba ukidhani mvua itakusubiri. Jenga msingi wa vyumba unavyoweza kuezeka msimu huohuo. Ukuta usio na bati ukinyeshewa msimu mzima ni hasara unayoitazama kila asubuhi.

Maeneo yetu ni ya miteremko. Mwambie fundi achimbe mtaro wa kupitisha maji juu ya nyumba, na msingi uinuke. Bati jembamba ni rahisi kununua, lakini upepo na mvua ya mawe vitakuonyesha tofauti. Afadhali vyumba viwili vyenye bati imara kuliko vinne unavyoziba kila mwaka.

Usimsahau mama atakayekuja kuangalia chumba. Wa kwetu wa kwanza hakuangalia dari. Alikwenda moja kwa moja chooni, akauliza maji yanachotwa wapi, kisha akajaribu kitasa cha mlango. Choo safi chenye mlango unaofungwa, sehemu ya kuogea, na mahali pa kupikia mvua ikinyesha ndivyo vinavyomkalisha mpangaji.

Kwa umeme, mita moja kwa nyumba nzima huleta maneno. Mmoja ana pasi, mwingine ana taa moja tu. Weka mita ndogo kwa kila chumba au andikeni kiwango cha kila mmoja. Kumbuka pia kodi ya jengo: pale inapotozwa kupitia LUKU ni Sh1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na hukatwa kwa anayenunua umeme. Hiyo ni kodi ya mwenye nyumba. Mrudishie mpangaji au mpunguzie kwenye pango, na mwambie hivyo tangu siku ya kwanza.

Pango la miezi sita si mavuno

Hapa ndipo tulipoumia. Mpangaji wetu wa kwanza alikuwa na ajira ya muda kambini. Alilipa miezi sita kwa mkupuo, Sh180,000. Tulifurahi. Tukamaliza deni la fundi, tukanunua godoro, na baada ya wiki mbili hapakuwa na kitu.

Mwezi wa pili ulipoisha, mkataba wake wa kazi ukakatika. Akaja kwa heshima, akasema, "Mama, naomba miezi minne iliyobaki nipate nauli ya kurudi nyumbani." Hatukuwa tumeandika lolote kuhusu anayeondoka mapema. Tungeweza kumwambia hatuna. Lakini alikuwa kijana wa watu, mbali na mama yake. Tuliuza maharage tuliyoweka kwa mbegu tukamrudishia Sh120,000. Msimu uliofuata tulikopa mbegu kwa jirani, na shamba letu lilipandwa la mwisho.

Tangu hapo tuna utaratibu. Pango la miezi sita likiingia, linagawanywa mara sita na linawekwa kwenye simu au kwenye kikundi cha kuweka akiba. Kila mwezi tunatoa la mwezi huo tu, kwa sababu la mwezi ambao haujafika bado ni mali ya mpangaji. Na kila tunachotoa kinaandikwa: sare na madaftari, matengenezo, akiba. Baba anaona, mama anaona.

Andikeni, hata kama mnajuana

Mkataba si lazima uwe mrefu. Uwe na majina na namba za vitambulisho, kiasi cha pango na siku ya kulipa, nani analipia umeme na maji, nani anatengeneza nini, notisi ya kuondoka, na fedha itarudishwaje akiondoka kabla ya muda. Kila upande ubaki na nakala na shahidi. Kila malipo yawe na risiti.

Kisha mpeleke mpangaji kwa mwenyekiti wa kitongoji akajulikane. Tuko karibu na mpaka, na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inawataka wakimbizi kukaa katika maeneo waliyotengewa. Kama mtu hana kitambulisho au kibali, usiamue mwenyewe kwa huruma wala kwa ukali. Wahusishe viongozi kabla ya kupokea fedha yake.

Mkikosana, usiezue bati wala usitoe vyombo vyake nje. Anayepanga mwezi kwa mwezi anastahili notisi isiyopungua mwezi mmoja. Ugomvi ukizidi, nendeni Baraza la Kata likawasuluhishe. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, kazi ya baraza hilo ni usuluhishi. Ikishindikana ndani ya siku 30, shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ukiwa na mkataba na risiti, utakuwa na la kuonyesha.

Kikao cha nyumbani

Basi kabla ya kumwita fundi, kaeni baba na mama, na watoto wakubwa wawepo. Andikeni majibu manne: mpangaji ni nani na akiondoka nani atakuja, ardhi ni ya nani kwenye karatasi, tunaishi vipi chumba kikiwa kitupu miezi mitatu, na pesa ya pango itafanya kazi gani. Mkikwama kwenye jibu moja, ahirisheni msimu mmoja. Kiwanja hakitahama.

Leo chumba kimoja anakaa mwalimu, kingine muuguzi na mtoto wake. Si fedha nyingi, lakini Januari haitutishi kama zamani. Juzi baba watoto alikuwa akipima kwa hatua pembeni ya vyumba vile. Akanigeukia akasema, "Mama, nimeongea na mwalimu mkuu. Wanategemea walimu wawili wapya."

Nikamwambia alete daftari.