Je, Wajua Mpakato wa Bei ya Chini Hupoteza Muda Wapi?

Je, wajua kwamba kompyuta mpakato inapoganda, kile kiduara kikizunguka katikati ya kioo, mara nyingi prosesa yake haina kazi yoyote inayofanya? Imekaa tu, inasubiri. Jambo hilo dogo ndilo linaloamua kama fedha za ziada unazoombwa dukani zitakufaa au zitapotea bure.

Chukua Celeron N4020, prosesa iliyotoka mwishoni mwa 2019 na kuenea kwenye mipakato mipya ya bei ya chini. Ina viini viwili, na mwendo wake wa kawaida ni gigahezi 1.1, yaani mapigo bilioni 1.1 kwa sekunde. Baadhi ya mipakato hiyo iliuzwa ikiwa na diski ngumu ya kuzunguka, yenye mizunguko 5,400 kwa dakika. Kila inapoombwa kipande cha data, diski hiyo hulazimika kusogeza kichwa chake kisha kungoja sahani izunguke hadi pale data ilipo. Shughuli hiyo huchukua milisekunde 15 hivi. Ndani ya muda huo prosesa imepitisha mapigo zaidi ya milioni 16 mikono mitupu, na kuwasha Windows huhitaji vipande vya namna hiyo kwa maelfu.

Mkulima wa Nkoma, wilayani Itilima, analijua tatizo hili bila kufundishwa. Msimu wa pamba, kwenye ghala la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, wabebaji wanaweza kuwa kumi na wote wana nguvu, lakini mizani ikiwa moja foleni haisogei kwa kuongeza mbebaji wa kumi na moja. Kinachotakiwa ni mizani ya pili. Mipakato mingi ya bei kubwa huuzwa kwa kusifia wabebaji, yaani prosesa, na mnunuzi makini huuliza kwanza foleni imekwama wapi.

Diski: fedha ya kwanza iende hapa

Hifadhi ya SSD haina sahani wala kichwa cha kusogeza. Ni chipu tupu, na data hupatikana kwa takriban sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Hiyo ni kasi ya zaidi ya mara 100 kuliko diski ya kuzunguka katika kuokota vipande vidogo vidogo, na kazi za kila siku za kompyuta ni kuokota vipande vidogo vidogo. Mpakato uliokuwa ukichukua dakika kadhaa kuwaka huwaka kwa sekunde chache, prosesa ikiwa ile ile.

Ukipanda bei zaidi, faida hupungua. SSD ya kawaida ya SATA husoma takriban megabaiti 550 kwa sekunde. Zile za NVMe husoma 3,500, na nyingine hufika 7,000 au zaidi. Tarakimu zinavutia, lakini mwalimu anayefungua mtihani wa kurasa nne hataona tofauti. Mtihani wenyewe hauna hata megabaiti moja.

Mtego uko upande wa chini kabisa. Mipakato ya bei ndogo sana huja na hifadhi iitwayo eMMC, mara nyingi ya GB 64, iliyochomelewa kwenye bodi. Si polepole kama diski ya kuzunguka, lakini Windows peke yake hula sehemu kubwa ya nafasi hiyo, na masasisho yakianza kushuka, nafasi inaisha. Fundi wa Bariadi hawezi kukubadilishia. Ukisoma GB 64 kwenye boksi, jua umenunua chumba kisichoongezwa.

RAM: GB 4 si haba, ila haitoshi

RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, hujibu ndani ya nanosekunde 100 hivi. Inapojaa, Windows huhamishia sehemu ya mzigo kwenye diski, na hapo mambo huharibika. SSD ni polepole kuliko RAM mara 1,000 hivi, na diski ya kuzunguka zaidi ya mara 100,000. Microsoft inasema Windows 11 inahitaji angalau GB 4. Kweli itawaka. Lakini kabla hujafungua chochote, mfumo wenyewe umeshakalia zaidi ya nusu. Fungua kivinjari chenye kurasa tano, Excel ya alama za wanafunzi, na WhatsApp pembeni, kisha usikilize diski ikilia.

Kutoka GB 4 kwenda 8 ni ongezeko la fedha kidogo lenye matokeo makubwa. Kutoka 8 kwenda 16 kunasaidia anayefanya mengi kwa pamoja. Kutoka 16 kwenda 32, kwa karani wa ushirika au mwalimu, hakubadilishi chochote. Muhimu zaidi, uliza kama RAM inaongezeka au imechomelewa. Mpakato wa GB 4 wenye nafasi ya kuongeza una maisha mbele yake.

Prosesa: nani hasa anahitaji ghali?

Mipakato ya bei ya chini imepiga hatua. Mwaka 2023 Intel ililiacha jina la Celeron kwenye mipakato, na Januari ya mwaka huo ikatoa N100, yenye viini vinne na makadirio ya matumizi ya umeme ya wati 6, sawa na ile N4020. Kwa kuandika, kuhesabu, kuchapisha na kutazama video, inatosha.

Tuangalie kazi za kompyuta za mahali kama Nkoma. Mwalimu anatunga mtihani wa muhula. Karani wa AMCOS anaingiza kilo na malipo. Mwenye steshenari anachapisha, anatoa kopi, anamjazia mhitimu wa kidato cha sita fomu ya mkopo wa elimu ya juu wa HESLB na kumtengenezea mwingine maombi ya kazi kwenye Ajira Portal. Katika kazi hizi zote, kompyuta humsubiri binadamu aandike, au humsubiri mtandao. Prosesa ya bei mbaya itasubiri kwa mwendo wa kasi zaidi, basi.

Sasa mtazame kijana anayehariri video za nyimbo za Kisukuma na za harusi. Anapobonyeza kitufe cha kutoa video iliyokamilika, viini vyote hufanya kazi kwa asilimia 100, na hakuna anayemsubiri mwenzake. Hapo prosesa yenye nguvu maradufu hupunguza muda karibu nusu, na muda huo ni wateja. Kwake yeye mpakato ghali ni mtaji. Vivyo hivyo kwa mchoraji wa ramani za majengo na mwanafunzi wa uhandisi anayetumia programu nzito.

Vumbi, jua na umeme

Kuna jambo ambalo matangazo ya kompyuta hayalitaji. Kiangazi cha Usukuma, kati ya Juni na Oktoba, ni msimu wa vumbi. Mpakato wenye nguvu huzalisha joto, joto huhitaji feni, na feni huvuta vumbi. Vumbi likiziba njia za hewa, prosesa hujipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue. Mwenye mashine ya milioni kadhaa hujikuta na kasi aliyoweza kuipata kwa bei ndogo. Prosesa za wati 6, kwa upande mwingine, mara nyingi huwekwa bila feni kabisa.

Umeme nao una hesabu yake. Mpakato mdogo unaotumika kuandika hula wati 10 hivi, kwa hiyo saa sita za kazi ni wati-saa 60. Paneli ya sola ya wati 50 ikipata jua kali kwa saa tano huzalisha wati-saa 250, kabla ya kutoa kinachopotea njiani. Mpakato wa michezo ya video wenye chaja ya wati 150, ukifanya kazi kwa nguvu zote, ungeumaliza umeme wote huo kabla ya saa mbili kutimia.

Mazingira ya namna hii ndiyo yaliyolengwa na mpango maarufu wa mpakato wa bei ya chini. Mwaka 2005 Nicholas Negroponte, msomi wa chuo cha MIT cha Marekani, alitangaza mpango wa kompyuta ya mtoto ya dola 100. Ilipoanza kutengenezwa Novemba 2007, ikiitwa XO, bei ilikuwa karibu dola 200. Ilikuwa na RAM ya megabaiti 256 na hifadhi ya gigabaiti moja, lakini haikuwa na feni wala diski ya kuzunguka, na kioo chake kilisomeka juani. Jirani zetu Rwanda walinunua zaidi ya 200,000. Mwaka huo huo wa 2007 kampuni ya Asus ikaleta Eee PC sokoni, na mipakato midogo ya bei nafuu ikawa biashara ya dunia.

Tanzania ilipita njia yake. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani viligawiwa kwa walimu. Kishikwambi ni kizuri kwa kusoma na kujaza taarifa, ila kutunga mtihani wenye majedwali na michoro kwa kidole ni adhabu. Mwalimu anayeandika ubaoni kwa chaki ya Maswa bado anahitaji kibodi.

Njia ya tatu: mtumba wa ofisini

Ushindani wa kweli hauko kati ya mpakato mpya wa bei ndogo na mpya wa bei kubwa peke yake. Kuna mtumba. Makampuni ya Ulaya na kwingineko hubadilisha kompyuta za wafanyakazi kila baada ya miaka michache, na aina kama Dell Latitude, HP EliteBook na Lenovo ThinkPad huishia kwenye maduka yetu. Zilipokuwa mpya zilikuwa ghali, na ughali huo unaonekana kwenye bawaba imara, kibodi nzuri, na modeli nyingi ambazo fundi anaweza kuzifungua na kubadilisha sehemu.

Tuseme mpakato mpya wa laki 5 utadumu miaka miwili. Huo ni wastani wa shilingi 250,000 kwa mwaka. Wa milioni 1.5 ukidumu miaka sita, gharama ni ile ile, lakini umeweka fedha zote kwenye kitu kimoja kinachoweza kuibiwa au kumwagikiwa chai kesho. Mtumba wa laki 6 ukidumu miaka minne ni 150,000 kwa mwaka, na bado una nafasi ya kununua betri mpya.

Lakini mtumba una masharti. Windows 10 iliacha kupata huduma ya kawaida ya Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa kawaida hudai prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 na kuendelea. Core i5 ya kizazi cha 8, iliyotoka 2017, ina viini vinne na inakubalika. Ya kizazi cha 6, iliyotoka 2015, haimo, hata kama muuzaji ameipaka rangi ikang'aa. Hiyo itakufaa tu ukikubali kutumia Linux. Hakikisha pia mashine haina nywila ya BIOS, ile inayoulizwa kabla Windows haijawaka. Kwa betri, fungua Command Prompt, andika amri powercfg /batteryreport, kisha linganisha uwezo wa kiwandani na uliobaki. Ikibaki nusu, bei nayo ishuke.

Na kama tayari una mpakato unaokukera, usikimbilie duka. Fungua kazi zako za kila siku, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, uingie sehemu ya utendaji (Performance), kisha subiri ugande. Diski ikisoma asilimia 100, unachohitaji ni SSD. RAM ikijaa, ongeza RAM. Prosesa ikikaa asilimia 100 dakika nzima nzima huku vingine vimetulia, basi wewe ni miongoni mwa wachache ambao mpakato wa bei kubwa utawalipa.